Bingwa wa Mchanga wa Msimbati: Rekodi za Kamera kwa Anayeanza

Minada ya korosho ikishapita na fedha zikishaingia kwenye akaunti za wakulima, Mtwara hujaa harusi, simu mpya na vijana wenye swali moja: anayeanza kujifunza kupiga picha anunue Canon, Nikon au Sony? Majibu huwa ya kishabiki, kama ya Simba na Yanga, na makampuni yenyewe huchochea kwa kutangaza rekodi: ya kwanza duniani, nyepesi kuliko zote, yenye kasi kuliko zote. Nimezipitia baadhi ya rekodi hizo, za kamera na za pwani yenyewe, nikimfikiria mtu mmoja tu: kijana wa Mtwara Mjini, Mikindani au Msimbati mwenye fedha ya kamera moja ya mtumba na lenzi moja, ambaye kupata kipuri mpaka aagize Kariakoo. Kwa mtu huyo rekodi nyingine ni pambo, nyingine ni mtego, na chache ni mali kweli.

Bei chee kuliko zote

Habari ya taji hili inaanzia Februari 1900. Mwezi huo Kodak ilitoa Brownie, kiboksi cha kadibodi chenye lenzi ya kawaida kabisa, kwa dola 1 ya Marekani. Walengwa walikuwa watoto. Ndugu zake wa baadaye waliendelea kuuzwa kwa miongo kadhaa, na mmoja wao, Box Brownie ya mtumba, ikaangukia mikononi mwa mvulana wa shule jijini Dar es Salaam miaka ya 1950. Mvulana huyo, Mohamed Amin, alizaliwa Nairobi 1943. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar na kamera yake wakati wa Mapinduzi. Na 1984 picha zake za filamu za njaa ya Ethiopia zilitikisa dunia. Mkono wa kushoto ulimtoka 1991 katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini. Alifariki 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuanguka baharini kwenye visiwa vya Komoro.

Siamini kwamba kiboksi kile kilimfundisha ufundi. Hakikuwa na cha kurekebisha. Lakini kamera isiyorekebishika humwachia mtu mambo mawili tu ya kuamua, asimame wapi na abonyeze lini, na wapo watu wenye kamera za mamilioni ambao mambo hayo mawili bado yanawashinda.

Kwa kamera za dijiti za kubadilisha lenzi, mlango wa bei ulifunguliwa 2003 na Canon EOS 300D, DSLR (kamera ya dijiti yenye kioo ndani) ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000. Ilikuwa na megapikseli 6.3, na mpaka leo zinatosha picha ya ukutani sebuleni. Tangu mwaka huo Canon imekuwa ikijitangaza kinara wa mauzo ya kamera za kubadilisha lenzi duniani. Hii ni moja ya rekodi chache ambazo ni mali kwa mtu wa Kusini, kwa sababu kilichouzwa sana ndicho kinachozagaa mtumba. Chaja ikiungua utapata nyingine. Betri ikifa, kuna za kuigiza kila duka. Rafiki aliyekutangulia kununua pengine ana lenzi itakayoingia kwenye kamera yako, nawe utaiazima siku ya mahafali.

Mtego uko chini kidogo ya hapo. Mwaka 2018 Canon ilitoa 4000D, kamera ya kubana matumizi kwelikweli: hata pete inayoshika lenzi ni ya plastiki badala ya chuma. Plastiki hainisumbui. Kinachonisumbua kiko juu ya kamera, pale pa kuchomekea flashi. Kwenye 4000D, kwenye dada yake 2000D ya mwaka huo huo, na tena kwenye 250D ya 2019, Canon iliondoa ile ncha ya katikati inayoiamuru flashi iwake. Flashi nyingi za bei nafuu, zile za Kichina ambazo ndizo hufanya kazi ya harusi huku kwetu, hutegemea ncha hiyo peke yake. Ukizichomeka humo hazifyatuki. Kamera ya kizazi kilichotangulia, 1300D ya 2016, ncha inayo. Kwa hiyo dukani unaweza kukuta mpya na kuukuu zimewekwa pamoja, na ile kuukuu ikawa ndiyo ya kufanyia kazi.

Kongwe kuliko zote

Nikon F ilitoka 1959, na kifungio chake cha lenzi, yaani ile pete ambayo lenzi hujishikiza, kiliendelea kutumika kwenye kamera za Nikon kwa zaidi ya nusu karne bila kubadilishwa umbo la msingi. Kwa umri hakuna wa kuigusa rekodi hiyo kati ya Canon na Nikon. Muuzaji atakwambia: nunua Nikon, lenzi za zamani tele zitaingia.

Zitaingia, ndiyo. Kufanya kazi ni jambo jingine. Kamera za Nikon za wanaoanza, kuanzia D40 ya 2006 hadi mfululizo wote wa D3000 na D5000, hazina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Lenzi yenye herufi AF au AF-D, ambayo hutegemea mota ya bodi, ukiifunga kwenye D3300 italazimu ufokasi kwa kuzungusha kwa mkono. Zile za kale zaidi zisizo na chipu huzima hata kipima mwanga. Mwanafunzi asiyelijua hili hununua lenzi "ya bei ya bahati", kisha harusi nzima anahangaika kuzungusha pete huku bibi harusi ameshapita. Kwa Nikon ndogo, angalia herufi AF-S zilizoandikwa kwenye lenzi. Ukiona AF tupu au AF-D, rudisha.

Canon ilipita njia ya maumivu. Mwaka 1987 iliacha kabisa kifungio chake cha zamani, FD, ikaanza kingine kiitwacho EF. Waliokuwa na makabati ya lenzi za FD walikasirika, na walikuwa na haki. Ila katika kuanza upya, kampuni iliweka mota ndani ya kila lenzi ya kufokasi yenyewe. Matokeo yake ni kwamba lenzi ya EF iliyotengenezwa mwaka huo wa kwanza, ikiwa bado nzima, inafokasi yenyewe kwenye 1300D. Kifungio hiki ni kichanga kwa miaka 28, na bado kwa mtu wa lenzi za mtumba kinamfaa kuliko kile kikongwe.

Lenzi ya kutafuta ni 50mm f/1.8. Toleo lake la pili lilitoka 1990, plastiki tupu, likidondoka linapasuka, likifokasi linalia kama nyenje. Lakini tundu lake linafunguka hadi 1.8, maana yake linaingiza mwanga mara kadhaa zaidi ya lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, na linatia ukungu nyuma ya uso wa mtu jinsi wateja wanavyopenda. Chumba kikiwa kidogo utagonga ukuta kwa mgongo. Barazani Mikindani, chini ya milango ya kuchonga ya nyumba za zamani, inatosha kabisa.

Tangu 2018 kampuni zote mbili zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, Canon kwa kifungio cha RF na Nikon kwa kile cha Z. Wenye fedha wanawafuata, na kamera zao za kioo wanaziuza. Kwa mwanagenzi huu ni msimu mzuri.

Inayokesha kuliko zote

Ukitaka rekodi moja inayoeleweka hata bila kuijua kamera, ichukue hii: Nikon D3500, ya 2018, hupiga picha 1,550 kwa betri moja iliyojaa, kwa kipimo cha umoja wa watengenezaji wa kamera wa Japani, CIPA, ambacho nusu ya picha hupigwa kwa flashi. Canon 250D hufika 1,070. Canon 2000D ni 500. Sony a6000, kamera nzuri isiyo na kioo ya 2014, huishia kati ya 310 na 360.

Pima idadi hizo na safari ya Msimbati. Unatoka Mtwara alfajiri na bodaboda, unashinda ufukweni Ruvula, unarudi jioni. Ukiwa na D3500 chaja unaiacha nyumbani. Ukiwa na Sony unahitaji betri tatu, na mahali pa kuzichaji. Gesi ya Ghuba ya Mnazi inachimbwa hapo hapo Msimbati, inasafishwa Madimba, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mpiga picha aliyesimama juu yake huku betri yake imekufa ana haki ya kucheka.

D3500 ilikuwa ya mwisho katika ukoo wake. Nikon iliacha kuitengeneza bila kuipa mrithi wa kioo. Haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo anayetaka kupiga video za harusi aisahau. Kwa picha za mnato, nyepesi, rahisi kushika, yenye kitufe cha msaada kinachomweleza mwanafunzi kila mpangilio unafanya nini, sijui kamera ya kufundishia iliyo bora zaidi kati ya hizi.

Mwanga mgumu kuliko wote

Hakuna pwani ya Tanzania iliyo mashariki zaidi ya hii ya Msimbati. Hata Pemba na Mafia ziko magharibi yake. Mwanzoni mwa Desemba jua linachomoza baharini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna mahali pengine nchini linapowahi hivyo. Mtwara kuchele. Aliyelala mpaka saa mbili amekosa, kwa sababu jua la huku halikawii kupanda. Tarehe za karibu na 21 Februari na 21 Oktoba linapita utosini kabisa, na adhuhuri ya siku hizo macho ya kila mtu huzama ndani ya kivuli cha paji lake.

Kusini mwa mji kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Ina kilomita za mraba zipatazo 650, na kati ya hifadhi za bahari za Tanzania inazidiwa ukubwa na ile ya Mafia tu. Kwa mpiga picha ina sifa nyingine: mchanga mweupe, bahari inayong'aa, mikoko ya kijani kibichi chenye giza, na watu wenye ngozi nyeusi wanaofanya kazi katikati ya vyote hivyo. Ni mtihani mgumu kuliko wowote unaoweza kuupa kipima mwanga cha kamera.

Kipima mwanga ni kijinga kwa namna moja inayotabirika. Kinaamini kwamba kila kitu duniani, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Jaribu hivi. Tafuta kinyago cha mpingo cha Kimakonde, hata kidogo cha kushika mkononi, ukilaze kwenye mchanga wa Msimbati. Jaza fremu kwa mchanga peke yake, piga: mchanga umetoka kijivu kama saruji. Jaza fremu kwa mpingo peke yake, piga: mpingo umepauka kama mkaa ulionyeshewa. Kamera ni moja, dakika ni ile ile, na zote mbili zimekosewa kwa sababu moja. Sasa tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, +/-. Kwa mchanga mweupe jumlisha, hatua 1 hadi 2. Kwa mpingo toa, karibu 1. Wengi hufanya kinyume, wakidhani cheupe kinahitaji kupunguziwa. Zoezi hili linafundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kutazama video za mafunzo, na linafanyika kwa kamera yoyote niliyoitaja.

Baada ya hapo mweke mtu mbele ya bahari. Uso mweusi ukiwa na maji yanayometa nyuma yake utageuka kivuli, isipokuwa ujumlishe, au uiambie kamera ipime nukta moja ya shavu. Ukijumlisha sana, bahari inaungua na kubaki karatasi nyeupe. Hapa ndipo chapa zinapotofautiana kweli. Ukipiga faili ghafi badala ya JPEG, kihisi cha D3500 huhifadhi mambo mengi ndani ya kivuli, ambayo utayatoa baadaye kwenye kompyuta. 1300D na 2000D ukizivuta hivyo hutoa chembechembe na mistari. Canon imeshinda kwa lenzi, Nikon inashinda kwa mwanga wa Msimbati.

Uso mweusi una historia yake katika kazi hii. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyingine zilitoka zinavyotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, akiwa amealikwa na serikali ya Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, anaelezwa kukataa filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi. Leo Tecno imejenga jina lake Afrika kwa kulitatua tatizo hilo hilo ndani ya simu, na mfululizo wake wa Camon umewapa vijana wengi picha yao ya kwanza ambayo sura imetoka kama sura. Anayeanza na simu hajapoteza muda. Akiwa na sehemu ya mipangilio ya mkono, atajifunza ISO na kasi ya shata. Tundu la lenzi la simu nyingi halibadiliki, na hapo ndipo hamu ya kamera huanza.

Mzigo mzito kuliko wote

Mwaka 1906, moshi wa Maji Maji ukiwa haujatulia, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aitwaye Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na nyanda za juu za Makonde hadi Newala. Wapagazi walimbebea kamera, vioo vya kupigia picha, fonografu ya kurekodi sauti, na mashine ya sinema. Filamu alizopiga ni miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki, na picha zake za wanawake wa Kimakonde wenye ndonya mdomoni bado zinachapishwa. Makusanyo yake yako kwenye jumba la makumbusho la Grassi, Leipzig. Alitembea na askari wa serikali ya Kijerumani, na ukizitazama nyuso za waliopigwa picha, askari wale hutawasahau.

Canon 100D ya 2013 ilitoka ikitangazwa kuwa DSLR ndogo kuliko zote duniani, gramu 407. Inaingia kwenye kikapu cha sokoni. Wepesi huo haujabadilisha ruhusa: mvuvi anayetengeneza wavu anaulizwa kwanza, na ya jando na unyago hayapigwi hata kama kamera ina ukubwa wa kidole. Bandari, uwanja wa ndege na mitambo ya gesi Madimba navyo viache.

Yenye kasi kuliko zote

Sony ilitangaza kwamba a6000 inafokasi ndani ya sekunde 0.06, kasi kuliko yoyote ya aina yake 2014. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Nyangumi wa nundu hupita pwani hii kati ya Julai na Novemba, na kasi ingesaidia, lakini nyangumi anahitaji kwanza lenzi ndefu, na lenzi ndefu za Sony ni ghali na adimu mtumba. Lenzi ya Canon ya 55-250 inapatikana, na nyangumi akishajitokeza mara moja huwa anarudi juu kupumua. Mwenye subira hahitaji sekunde 0.06.

Chapa zilizokufa au kuuzwa ziogopwe na anayeanza, hata zikiwa nzuri. Konica Minolta iliiachia Sony kazi ya kamera 2006, Samsung ikajiondoa kimya kimya, na Olympus ikauza kitengo chake 2020. Kupata chaja ya Samsung NX mkoani Mtwara kunaweza kukuzeesha.

Chaguo langu basi ni hili. Anayetaka kula kwa kamera yake, harusi, mahafali na picha za pasipoti, achukue Canon 1300D au bodi nyingine ya EOS yenye ncha ya flashi, pamoja na 50mm. Anayetaka pwani, alfajiri, mikoko na nyuso, achukue Nikon D3500, au D3400 ikikosekana, pamoja na lenzi ya AF-S ya 35mm. Sony aiache hadi atakapokuwa na fedha ya lenzi.

Chumvi haijali chapa. Usibadilishe lenzi ufukweni upepo ukivuma. Ukirudi, futa bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, uihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika vilivyokauka vizuri, maana joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi.

Kuvu huyo ndiye wa kumtafuta wa kwanza unapokagua kamera ya mtumba. Ielekeze lenzi kwenye mwanga, uchungulie: nyuzi nyeupe zilizosambaa kama utando wa buibui zina maana uondoke. Kisha hesabu shata imefyatuka mara ngapi. Nyingi za daraja hili hutegemewa kufika laki 1. Nikon huiandika idadi hiyo ndani ya faili ya picha, na programu za bure huisoma. Canon nyingi haziiandiki, kwa hiyo utategemea macho yako, uchakavu wa mpira wa mshiko na vitufe. Mwisho, weka tundu kwenye f/22, piga anga tupu ya mchana, uikuze picha kwenye skrini. Madoa meusi machache ni vumbi, fundi atalisafisha. Muuzaji akikukataza kulijaribu hilo nje ya duka lake, kuna duka jingine.